Nyumba ya Karen na Watu Waliosahaulika

Mwaka 2026 Makavazi ya Karen Blixen jijini Nairobi yanatimiza miaka 40. Sisi wa Litein, Kericho, tunaoishi jirani na mashamba makubwa ya majani chai na nyumba kuukuu za mameneja wa Kizungu, tuna la kujifunza hapo.

Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, raia wa Sweden. Bror Blixen alinunua shamba lake la kahawa, akamwoa Karen Dinesen wa Denmark, ambaye ndiye Karen Blixen, mjini Mombasa Januari 1914, na mwaka 1917 wakahamia nyumba hiyo. Ndoa ilivunjika 1925. Kahawa nayo haikustawi, maana eneo lile liko juu mno na lina baridi.

Kisa kinachostahili kukumbukwa ni cha mwaka 1931, shamba lilipouzwa. Familia za Wakikuyu zilikuwa zikiishi humo kama maskwota. Sheria ya kikoloni ya 1918 ilimdai skwota siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kulisha mifugo shambani mwa mlowezi. Sasa waliamriwa wahame. Walichoomba ni kimoja: wasitawanywe, waende pamoja na ng'ombe wao. Karen alipiga hodi ofisi baada ya ofisi za serikali Nairobi, hadi wakakatiwa kipande katika msitu wa Dagoretti. Alisifiwa kwa hilo, na alistahili. Lakini ni aibu kwamba watu waliombewa wapewe pa kukaa katika nchi ya babu zao wenyewe.

Karen alirudi Denmark mwaka huohuo, na shamba likakatwa viwanja. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba ile. Makavazi yakafunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya *Out of Africa*, inayosimulia maisha yake shambani.

Leo mtaa mzima unaitwa Karen. Lakini Farah Aden, msimamizi wa nyumba yake, na Kamante Gatura, mpishi wake, hawafahamiki hivyo.

Kaunti za Kericho na Bomet zisirudie kosa hilo la kuwasahau watu. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaruhusu majengo ya kale kutangazwa turathi na kulindwa. Serikali zetu za kaunti zishirikiane na Makavazi ya Taifa kuorodhesha nyumba za mashamba ya chai, na wazee Wakipsigis waulizwe sasa, wangali hai: kabla ya chai, ardhi hii ilikuwa ya nani?