Gari la James Bond ni lipi hasa? Aston Martin nne na namba moja ya chasisi

Ukienda kununua gari lililotumika, rangi haikusumbui sana. Rangi hupakwa. Injini nayo hubadilishwa, viti hushonwa upya. Mnunuzi anayejua mambo huomba kadi ya gari, anainama, analinganisha namba iliyoandikwa kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chasisi. Zisipolingana, anaondoka.

Sasa chukua kanuni hiyo hiyo uipeleke kwenye gari maarufu kuliko yote ya sinema, Aston Martin DB5 ya James Bond, uone inavyotuvuruga.

DB5 ilitoka mwaka 1963, kutoka kiwanda cha Newport Pagnell, Uingereza. Injini ya lita 4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na bodi ya alumini iliyofunika fremu ya vibomba vyembamba, mbinu iliyotoka kwa wabunifu wa Touring wa Milan. Kiwanda kililiita saluni (si ile ya kunyolea), yaani lenye paa gumu, ili kulitofautisha na lile la kufunguka paa. Yalitengenezwa machache tu, elfu moja na kidogo.

Watu wa filamu ya Goldfinger walipotaka gari, kiwanda kikawapa la majaribio. Namba yake ya chasisi: DP/216/1. Lilikuwa jekundu, likapakwa rangi ya fedha, kisha timu ya John Stears ikalijaza vituko vyote unavyovijua: bunduki nyuma ya taa za mbele, vibao vya namba vinavyozunguka, ngao inayopanda nyuma, kiti cha kumrusha abiria nje. Gari la pili, DB5/1486/R, lilikuwa la kukimbizwa barabarani tu. Baadaye nalo likawekewa vifaa. Kisha yakaandaliwa mengine mawili ya kutangazia Thunderball huko Marekani, DB5/2008/R na DB5/2017/R. Hayo mawili hayakuonekana kwenye filamu hata sekunde moja. Shika hapo, tutarudi.

Filamu zikaisha. Aston Martin wakafanyaje na lile la kwanza, ambalo lilitumika kwenye matukio yote ya vituko? Wakang'oa vifaa, wakalipa usajili mpya, 6633 PP, na mwaka 1968 wakaliuza kama gari lolote lililotumika. Bei: pauni 1,500. Ni rahisi kuwacheka leo, lakini mimi nawaelewa. Kwa hesabu za wakati ule lilikuwa gari la majaribio lililochoka, limetobolewa matundu kila mahali, na soko la kununua historia ya sinema halikuwapo. Mnunuzi ndiye aliyeona mbali. Akatengenezesha vifaa vingine, akavifunga, na mwaka 1971 akaliuza kwenda Utah, Marekani. Mwaka 1986 likapigwa mnada na Sotheby's huko New York kwa dola 275,000, likaenda kwa tajiri mmoja wa Florida.

Kwa hiyo alichonunua ni nini? Chasisi ni ile ile iliyosimama mbele ya kamera. Ila bunduki, ngao na kiti si vile vya Stears.

Gari la pili halikupita kwenye mikono mingi hivyo. Mwaka 1969 mmiliki wa kituo kimoja cha redio cha Philadelphia alilinunua moja kwa moja kiwandani kwa dola 12,000, akakaa nalo miaka 41. Oktoba 2010 likauzwa London na RM: pauni milioni 2.9 pamoja na ada ya mnada, takriban dola milioni 4.6.

Na yale ya matangazo? DB5/2017/R liko Uholanzi, kwenye makumbusho ya Louwman. DB5/2008/R lilikaa kwenye makumbusho ya Tennessee kwa miaka 35, likauzwa mwaka 2006 kwa dola milioni 2.09, likapelekwa Uswisi kwa mafundi wa Roos Engineering, likarudi na vifaa vyake 13 vyote vinafanya kazi. Agosti 2019, Monterey, California: dola milioni 6.385. Yaani gari ambalo halijawahi kuonekana kwenye filamu lilipata pesa nyingi kuliko lililoonekana! Miaka tisa ya kupanda kwa soko imechangia, sawa, lakini nadhani pia watu walilipia vifaa vinavyofanya kazi, kitu wanachoweza kubonyeza.

Tungejua jibu vizuri zaidi kama DP/216/1 lingerudi mnadani. Halitarudi hivi karibuni. Juni 1997 liliibwa usiku kwenye banda la ndege la uwanja wa Boca Raton, Florida. Bima ikalipa dola milioni 4.2.

Na hapa ile namba inakuwa kila kitu. Mwizi anaweza kupaka rangi upya na kung'oa bunduki. Mwaka 1968 kiwanda chenyewe kiling'oa. Vipi akisaga namba? Nyundo inapogonga herufi kwenye chuma, chembechembe za chuma chini ya alama hubanwa na kupotoka, na mpotoko huo huenda chini zaidi ya shimo unaloliona. Ukisaga uso ukawa laini, eneo lililobanwa bado lipo. Wachunguzi hupaka mchanganyiko wa asidi na chumvi ya shaba. Sehemu iliyobanwa huliwa tofauti na jirani yake, na namba hujitokeza tena, hafifu. Isipokuwa kama mwizi amesaga ndani sana.

Mwaka 2021 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba mpelelezi wa mali za sanaa zilizoibwa anaamini gari liko Mashariki ya Kati, kwa sababu shahidi alidai kuiona namba hiyo. Likipatikana, usidhani yule tajiri wa Florida atakabidhiwa funguo. Kwa kawaida bima ikishalipa hasara yote, haki ya mali huhamia kwake, kwa hiyo kuna uwezekano kwamba muuzaji kwenye mnada ujao atakuwa kampuni ya bima.