Ulaji, si Utumiaji

Orodha ya istilahi za filamu iliyonifikia hivi majuzi inatutaka tuseme "utamaduni wa utumiaji wa bidhaa". Maneno matano kwa dhana moja, na dhana yenyewe haimo. Neno tunalo: ulaji.

Tumia imenyambuliwa kutoka tuma. Anayetuma mjumbe humngoja arudi. Anayetumia jembe hulirudisha ghalani likiwa bado jembe. Kula ni mzizi mkongwe kuliko Kiswahili chenyewe: Mganda ana -lya, Mgikuyu -rĩa, Mshona -dya, Mzulu -dla. Popote ulipo, kilicholiwa hakipo tena. Nasi tumeutanua: twala kiapo, twala njama, twala hasara, twala chumvi nyingi, na kutu hula chuma. Warusi husema potreblenie, kutokana na mzizi wa haja na dai. Wao wamemtazama anayetaka. Sisi tumekitazama kinachokwisha, na sioni kwa nini tuliache jicho letu.

Mpinzani wangu mmoja, mwenye sauti kubwa kuliko hoja, hudai kwamba Mkenya akisikia "ulaji" huwaza wanasiasa na fedha za umma. Naam, na awaze! Mkazi wa Ewuaso Kedong aliyeona ardhi ya ranchi za jamii Kajiado ikikatwa ploti, na mbuga za Kitengela walimopita nyumbu zikizungushiwa seng'enge, anajua kuwa kununua na kula ni ndugu. Huko Tanzania, Tume ya Ushindani husema "mlaji" bila kigugumizi.

Ngano zetu zililijua hili mapema. Katika hadithi za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870, paka wa Sultani Majnuni anakula ndama. Sultani anajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaendelea na wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na jibu ni lile lile, mpaka anapokula wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapokiri kuwa huyo si paka, ni nunda.

Na kwa kuwa orodha hiyo ni ya filamu, sasa itazameni sinema ya Kirusi. Cheburashka ya Dmitry Dyachenko, iliyotoka Januari 2023, iliingiza zaidi ya ruble bilioni 6. Cheburashka, kiumbe wa mwandishi Eduard Uspensky, alizaliwa kitabuni mwaka 1966, akitokea ndani ya kasha la machungwa. Katika filamu hii, tajiri wa chokoleti anamtaka awe wa mjukuu wake mdekezwaji. Mniambie, bibi huyo anataka "kumtumia"?

Ukitaka ushahidi wa karibu, tazama mkoba wa shule wenye picha ya Elsa wa Frozen, filamu ya 2013, unaoning'inia katika maduka yetu. Picha ikichubuka usoni, mtoto hudai mkoba mwingine, ingawa zipu ni nzima na mikanda haijakatika. Utumiaji wa mkoba huo haujakwisha. Ulaji wake umekwisha. Orodha ile ya istilahi haina namna ya kuieleza tofauti hiyo.

Kwa matumizi: mlaji, walaji, utamaduni wa ulaji, ngano za ulaji; "mtumiaji" abaki kwenye simu na kompyuta. Kamati ya orodha hiyo ilipelekewa hoja hizi kwa maandishi, kwa adabu zote, na haijajibu.