Mpiga ngoma wa Nkongolo: fikira za mwanachuo juu ya kisasili, fasihi na falsafa katika Katanga

Mwanachuo yeyote anayesoma fasihi au historia mjini Lubumbashi hukutana mapema na kitabu kimoja chembamba ambacho mzozo wake haujaisha. Ni La philosophie bantoue cha Padri Placide Tempels, kilichotolewa katika mji huu huu mwaka 1945, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Wengi wamekwisha kuandika kukisifu na kukipinga, na makala hii haina nia ya kurudia yote yaliyosemwa. Swali letu ni dogo zaidi. Waluba ambao padri huyo aliishi nao walikuwa na usimulizi wao mkuu, ule wa Nkongolo na Kalala Ilunga, ambao haukuwa msingi wa kitabu chake. Tukiuweka usimulizi huo kando ya kitabu, ni kipi kati ya viwili hivi kinachofikiri zaidi?

Tempels alikuwa Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Aliandika kwa Kiholanzi, na wakili Antoine Rubbens akaifasiri kazi yake kwa Kifaransa. Mwaka 1949 Présence Africaine waliichapa upya jijini Paris, na kutoka hapo ikasomwa kila mahali. Hoja yake inafahamika: kwa Mbantu, kuwapo ni kuwa na nguvu, nguvu hizo zimepangwa kwa ngazi kuanzia kwa Mungu, zikapita kwa wahenga na wakubwa wa ukoo, hadi kwa wanyama, mimea na mawe, nazo huweza kuongezwa au kupunguzwa. Ugonjwa, uchovu, dhuluma, yote ni upungufu wa nguvu ya uhai.

Yatupasa kukumbuka majira ambamo maneno hayo yaliandikwa. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi mjini Elisabethville. Mwaka 1944 askari wa Force Publique waliasi huko Luluabourg. Mzungu aliyesema wakati huo kwamba mtu mweusi ana falsafa alisema neno zito, na si ajabu kwamba Askofu de Hemptinne wa Katanga hakupendezwa nalo. Lakini Aimé Césaire, mwaka 1950, aliona upande wa pili: falsafa hiyo ilimpa mkoloni nafasi ya kumheshimu Mbantu rohoni huku akiendelea kuchukua shaba yake. Baadaye Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun (1968) na Paulin Hountondji wa Benin (miaka ya 1970) waliuliza kama fikira zisizo na mtu aliyezifikiri zaweza kuitwa falsafa.

Swali hili la mwisho ndilo linalonigusa mimi. Katika kitabu cha Tempels wanaofikiri hawana jina. Wanaitwa Wabantu, wote pamoja, kana kwamba kijiji kizima kimefungua kinywa kimoja. Padri mwenyewe aliona kwamba Wabantu hawawezi kuieleza falsafa yao kwa utaratibu, na kwamba ni kazi ya Mzungu kuwaeleza wao wanachokiamini. Tusikimbilie kumlaumu, wengi wa wakati wake hawakukubali hata kwamba kuna la kueleza. Hata hivyo, sentensi ya namna hiyo mtu huisoma mara mbili.

Tuugeukie sasa usimulizi. Nkongolo, ambaye jina lake kwa Kiluba ni upinde wa mvua, alikuwa mfalme mwekundu, mkali, mnywaji, aliyewaoa dada zake. Akaja kutoka mashariki mwindaji mmoja mweusi aitwaye Mbidi Kiluwe. Mgeni huyu alikuwa na adabu za ajabu: hakula mbele ya watu. Nkongolo alikula na kunywa hadharani kama mtu yeyote, naye alishangaa kumwona mgeni akijificha wakati wa chakula. Mbidi alipewa dada za mfalme, Bulanda na Mabela. Kisha akarudi kwao, na Bulanda akamzaa Ilunga. Kijana alikulia penye ua la mjomba wake, akawa hodari katika michezo na vita, hata akaitwa Kalala, yaani kiongozi wa vita. Sifa zake zikamtia mjomba hofu.

Nkongolo akachimba shimo, akasimika ndani yake vyuma vyenye ncha, akalifunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma juu yake. Hapo anatokea mtu ambaye wasimulizi humpitia haraka: mpiga ngoma. Kwa midundo yake akamwonya kijana. Kalala akapima ardhi kwa mkuki, mkuki ukazama, naye akaruka na kukimbia kuvuka mto Lualaba hadi kwa baba yake. Alirudi na jeshi. Nkongolo akakimbia, akakamatwa, akakatwa kichwa. Tangu hapo, husemwa, walitawala watu wenye bulopwe, utukufu wa damu ya kifalme uliotoka kwa Mbidi.

Je, ni historia? Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1966 juu ya falme za savana, aliwapa watu hao nafasi katika mfuatano wa matukio. Luc de Heusch, mwaka 1972, alikataa kabisa: kwake Nkongolo na Mbidi ni upinde wa mvua na mvua, ukame na rutuba, mfumo wa alama unaopatikana kwa Wabantu wengi wa kati. Thomas Reefe, mwaka 1981, alisimama kati yao, akitafuta kujua ni nani aliyefaidika kwa kusimulia hivyo na wakati gani. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wana neno lao. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa na Jacques Nenquin tangu 1957 na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yanaonyesha watu walioishi humo mfululizo, wafuaji wa chuma na shaba, kwa zaidi ya miaka elfu. Hakuna alama ya mgeni mmoja aliyeleta ustaarabu wote kutoka mashariki. Mimi naona hoja ya Reefe ina nguvu zaidi, kwa sababu inaacha swali wazi pale ambapo de Heusch analifunga. Mfumo wa alama haumhitaji mpiga ngoma, usimulizi unamhitaji.

Hebu tumtazame basi. Kiluba ni lugha ya toni, na ngoma huiga toni hizo. Hivyo ngoma husema. Uani pale mfalme na mpwa wake walisikia mlio mmoja. Mmoja alisikia ngoma ya kuchezea, wa pili alisikia maneno. Mpiga ngoma alikuwa mtumishi wa Nkongolo, chini yake kabisa katika ngazi ya nguvu ambayo Tempels angeichora. Kwa mpango huo hakustahili kuamua lolote. Lakini aliamua kwamba amri ya mkubwa wake si haki, akalisema hilo mbele ya wote kwa lugha ambayo haikuweza kumshtaki. Katika falsafa ya padri mamlaka tayari yako mahali pake na kila nguvu imeketi katika kiti chake. Katika kisasili, swali lenyewe ni nani anayestahili kuketi, na kwa nini. Je, ni aliyetangulia? Ni mwenye nguvu? Au ni yule ajuaye kujizuia, hata katika kula? Waluba waliosimulia haya hawakuwa wakingoja kuelezwa walichokiamini.

Nao walikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Chama cha Bambudye kilitunza kumbukumbu za ufalme kwa lukasa, kibao cha mti chenye shanga na kauri ambacho mjuzi alikigusa kwa kidole huku akisimulia. Shanga moja yaweza kuwa mtu, mahali au tendo. Wajuzi wawili hawakusoma lazima jambo moja. Hayo ni maandishi yenye nafasi ya ubishi. Nadhani yanajibu kwa sehemu shaka ya Hountondji, ingawa najua angeniuliza jina la mjuzi, na hapo ningenyamaza.

Wengine walitafuta falsafa katika sarufi. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956, alitoa katika ngeli za Kinyarwanda makundi manne ya kuwapo: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Sisi wa Kiswahili tuna la kuongeza hapa. Neno letu la mahali ni la Kiarabu, lakini twasema mahali pazuri: neno limekuja, upatanisho wa kale umebaki. Kagame angefurahi. Lakini sijui angesema nini juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kimeacha sehemu kubwa ya upatanisho huo na kuongeza katoto na tutoto. Kama falsafa imo katika ngeli, je, mwenye kupanda basi kwenda Kenya, hapo mtaani kwetu, amepoteza kuwapo kwake njiani?

Aliyeuona mtego huu kwa macho ya mtunzi ni V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi wa mwaka 1941, mwalimu katika chuo chetu miaka ya 1970, aliyefariki mwaka 2025. Katika riwaya yake L'Écart ya 1979, Ahmed Nara ni mwanachuo wa historia anayetaka kuandika juu ya Wakuba bila kutumia macho ya waliomtangulia. Kila andiko analolishika limekwisha kumpangia la kusema. Hamalizi, anakufa, na sisi twasoma daftari zake. Ni riwaya nzito kwa mtu aliye na tasnifu ya kuandika, wala simshauri mwenzangu kuisoma usiku kabla ya kikao na msimamizi wake. Katika The Invention of Africa (1988) Mudimbe alilichambua tatizo hilo kwa nadharia, na Tempels yumo. Lakini riwaya imeniambia jambo ambalo nadharia haikuniambia: kutoka katika maktaba ya kikoloni si jambo la nia njema peke yake, yahitaji lugha nyingine ya kufikiria.

Lugha hiyo ilikwisha kupatikana, na mahali ambapo wanafalsafa hawakuangalia. Katika miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, Tempels mwenyewe alianzisha pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao kundi lililoitwa Jamaa. Aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena, lakini kundi liliendelea kuenea kambini. Johannes Fabian, aliyelichunguza na kutoa kitabu mwaka 1971, anaonyesha kwamba mafundisho yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Watu waliitana Baba na Mama kwa majina yao, wakipita njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, mume na mke pamoja. Walizungumza kwa saa nyingi juu ya mawazo, yanatoka wapi na yanaunganaje. Yote hayo yalisemwa kwa Kiswahili cha kambi, kile ambacho walimu wa sarufi walikiita kibovu.

Watu waliodhaniwa kuwa hawawezi kueleza falsafa yao walikuwa wakiieleza, kila mmoja kwa jina lake, na wakibishana juu yake. Neno uzima walilolitumia si lile la kamusi ya pwani, ambako ni afya na ukamilifu wa mwili. Wala si bumi ya Kiluba moja kwa moja. Wala si nguvu ya uhai ya padri. Ni neno lililofanyiwa kazi. Ningependa kazi yangu ya mwaka ujao ianze hapo: kuyaweka mafundisho yaliyonaswa katika kanda kando ya masimulizi ya Kalala Ilunga, na kufuata neno hilo moja kutoka kinywa hadi kinywa.