Koo Inauma? Usiingie Kemisti Ukiitisha Amoxil

Koo ikianza kuuma kama umemeza mchanga, wasee wengi hukimbia kemisti ya mtaa na kusema, "Nipee Amoxil za 50 bob." Manze, hapo ndio tunajikosea. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na Amoxil ni antibaiotiki. Haiwezi kitu kwa virusi. Tena kisheria haifai kuuzwa bila kuandikiwa na daktari, na ukimeza vidonge vinne tu unafunza bakteria kuzoea dawa.

Mhudumu anayejua kazi (yule ako na leseni ukutani, si kasini ameachiwa duka) hukuuliza kwanza. Imeuma siku ngapi? Uko na homa? Unakohoa? Anagusa shingo, anamulika mdomo na tochi. Ukiwa na kikohozi na mafua, kuna uwezekano mkubwa ni virusi. Utapewa Panadol na kuambiwa usukutue na maji vuguvugu ya chumvi. Kwa wengi, wiki haiishi kabla ipoe.

Lakini homa kali bila kikohozi, shingo imefura, tonsils ziko na madoa meupe? Enda hospitali upimwe, hasa kama ni mtoi wa miaka 5 hadi 15. Kuna bakteria ya koo ambayo ikiachwa inaweza kuishia kuharibu valvu za moyo. Ukiandikiwa dawa, maliza dozi hata kama koo imepoa siku ya tatu.

Na mtu akishindwa kumeza mate ama kupumua, wachana na kemisti. Tafuta gari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.