Panga Halikujichora
Likizo moja hapa Kalemela, mpiga ramli aliniomba nimtengenezee bango, akatanguliza shilingi 20,000. Usiku huo nilikuwa nasoma habari za Kangura, gazeti la Rwanda. Jalada la toleo la 26, Novemba 1993, liliuliza silaha gani itumike kuwashinda kabisa “inyenzi”, yaani mende, tusi kwa Watutsi. Kando ya swali, panga. Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimhukumu mhariri, Hassan Ngeze, kifungo cha maisha. Rufaani ikawa miaka 35. Lakini panga halikujichora. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, ramli ikiwataja. Asubuhi nilirudisha pesa. Wiki iliyofuata bango lilikuwa mtini, kazi ya mkono mwingine.