Kombora la kuongozwa likirushwa bila kunasa shabaha

Katika michezo ya kompyuta ya vita vya maroboti, mchezaji husubiri mtambo wake umnase adui ndipo arushe kombora la kuongozwa. Akirusha kabla ya hapo, inakuwaje?

Tuchukue MechWarrior Online, mchezo uliotoka mwaka 2013. Ukimshikilia adui ndani ya alama ya kulengea kwa muda mfupi, mtambo humnasa, na makombora ya masafa marefu humfuata hata akihama. Bila kumnasa, makombora huenda pale ulipolenga tu. Adui akisogea, yanaangukia patupu. Aina iitwayo Streak haitoki kabisa mpaka inase.

Hata hivyo, kurusha bila kunasa kunafaa adui akiwa amesimama, maadui wakiwa wamesongamana, au wakiwa na kifaa kinachovuruga mitambo yako.

Makombora halisi nayo yanahitaji kunasa. Strela-2, linalorushwa kutoka begani, hufuata joto la injini ya ndege. Lisiponasa joto hilo, halina cha kufuata.

Tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili ya aina hiyo yalirushwa mjini Mombasa kuelekea ndege ya shirika la Arkia iliyokuwa ikipaa na abiria 261. Yote mawili yalikosa, na ndege ikatua salama Tel Aviv. Asubuhi hiyohiyo, shambulio la bomu katika hoteli ya Paradise, Kikambala, liliua watu zaidi ya 10, wengi wao Wakenya.