Pishi ya Elimu

Msomaji, mtu aendaye sokoni kununua mahindi hatazami mahindi peke yake. Huitazama na pishi ya muuzaji. Elimu ya juu nayo ni vivyo hivyo. Tangu zamani elimu husafiri kutoka nchi hata nchi, wala hapana ubaya katika safari hiyo. Lakini yatupasa kuuliza: ni nani ashikaye pishi?

Tutazame Afrika Mashariki yetu. Makerere ilianza mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Tangu hapo kijana aliyetoka Kisumu au Tanga kwenda kusoma Kampala alipimwa kwa pishi ya London: walimu wake walitunga mitihani pamoja na watahini wa Uingereza, na shahada aliyopewa ilikuwa ya London. Faida yake haikuwa ndogo, kwa kuwa shahada hiyo iliheshimiwa popote alipokwenda. Hasara nayo ilikuwapo. Aliyesoma fasihi alisoma vitabu vya Waingereza, na hadithi alizosimuliwa na bibi yake hazikuhesabiwa kuwa elimu.

Nafasi katika vyuo hivyo zilikuwa chache mno. Kwa hiyo Tom Mboya alishirikiana na marafiki zake wa Marekani, na mwezi wa Septemba 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Wakuu wa serikali ya kikoloni walizitilia shaka shahada za Marekani, kwani hazikupimwa kwa pishi waliyoizoea. Mwaka 1960 alisafiri pia Wangari Maathai, akasomea elimu ya viumbe. Aliporudi aliendelea na masomo mjini Nairobi, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya udaktari. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Je, shaka ile ilikuwa na msingi gani?

Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikaanza kutoa shahada zake chenyewe. Mwaka 1970 kila kimoja kikawa chuo kikuu kamili. Hata hivyo, kushika pishi ni jambo moja, na kuamua kitakachopimwa ni jambo jingine. Mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitaka Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake pawe na idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati, na fasihi simulizi ikiwamo. Hawakukataa vitabu vya ng'ambo. Walitaka tuanzie nyumbani, kisha twende mbali.

Usidhani, msomaji, kwamba habari hizi zimekwisha. Mwaka 2003 chuo kikuu kimoja cha Shanghai kilitoa orodha ya kuvipanga vyuo vya dunia kwa daraja, na orodha nyingine zikafuata. Orodha hiyo huhesabu tuzo za Nobel, na makala yaliyochapishwa katika majarida mawili ya sayansi ya Kiingereza. Mhadhiri atakayemfundisha mkulima wa Machakos kuhifadhi udongo wake, akamwandikia kwa Kiswahili, ametenda kazi kubwa; lakini pishi hiyo haimwoni.

Karibu utachagua chuo chako. Huenda kikawa Nairobi, huenda kikawa ng'ambo. Nenda ukasome kwa bidii, kwani elimu ni bahari, wala bahari haina mwenyewe. Lakini utakapoambiwa kwamba chuo hiki ni bora na kile ni duni, usiitikie upesi. Uliza kwanza ni kitu gani kilichopimwa, na ni nani aliyekipima.